Haradali ya Dijon, punje ya Kanada

Kutoka stesheni ya Dijon, mji wa mashariki mwa Ufaransa, ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu hadi rue de la Liberté, mtaa wa maduka ambao magari hayapiti. Kila baada ya hatua chache unakuta kioo kimepangwa vichupa vya haradali. Duka la Maille lipo mtaani hapo tangu 1845, na ndani wanakujazia haradali kwenye kigudulia cha udongo kutoka bombani, mbele ya macho yako. Ukiionja inapanda puani moja kwa moja, machozi yanakutoka.

Wengi wetu neno haradali tulilisikia kwanza katika Injili, ile punje ndogo inayokua ikawa mti. Labda ndiyo maana punje yenyewe ndiyo iliyonishughulisha. Katika duka moja nililoingia nikauliza: hizi zimelimwa wapi? Muuzaji akanionyesha lebo: Dijon. Hakunidanganya, ila swali langu lilibaki palepale.

Ukweli ni kwamba tangu 1937 sheria ya Ufaransa inaitambua haradali ya Dijon kama namna ya kutengeneza, si kama zao la mahali. Popote duniani unaweza kuisaga na kuiita hivyo. Zamani wachoma makaa wa misitu ya Bourgogne, mkoa uliko mji wa Dijon, walipanda haradali kwenye ardhi yenye majivu, na ilistawi. Baadaye wakulima wakahamia mazao yenye faida zaidi, na kwa miaka mingi punje nyingi zikawa zinatoka Kanada. Kiangazi cha 2021 ukame ukaunguza mashamba ya huko, na 2022 rafu za maduka makubwa ya Ufaransa zikawa tupu. Nchi yenye jina la haradali ikakosa haradali!

Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulifumbia macho. Jina la mji ni mali ya watu wake. Mji ukiliachia jina litembee bila shamba, mkulima wa jirani hapati chochote, na mgeni anabeba nyumbani kitu asichokijua. Dawa ipo tayari: tangu 2009 kuna haradali ya Bourgogne, yenye ulinzi wa Umoja wa Ulaya. Hiyo lazima punje zilimwe Bourgogne na isagwe na divai nyeupe ya huko huko. Kampuni ya Fallot ya Beaune, mji mwingine wa Bourgogne, iliyoanza 1840 na bado inasaga kwa mawe, inaitengeneza, nayo ina duka Dijon, rue de la Chouette. Baada ya ule uhaba wakulima wa Bourgogne waliongeza mashamba ya haradali. Kwa maoni yangu, kila duka la Dijon lingepaswa kuiweka haradali ya Bourgogne mbele, na kuandika kwa herufi kubwa punje za vichupa vingine zimetoka wapi.

Kwenye mtaa huo wa Chouette ndipo alipo bundi wa jiwe, ukutani kwa kanisa la Notre-Dame. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu wanakosa usingizi. Huko wanampapasa kwa mkono wa kushoto na kuomba heri, hata sura yake imelainika kabisa. Mimi pia nilimgusa.

Usiondoke bila mkate wa asali na viungo. Mulot & Petitjean wanauoka tangu 1796, na vile vidogo vya duara vyenye jamu ya machungwa ndani, nonnettes, ndivyo ninavyovipenda kuliko kitu chochote mjini humo. Kwa wanaokunywa kuna pia pombe tamu ya cassis, tunda dogo jeusi. Ikichanganywa na divai nyeupe inaitwa kir, kwa jina la padri Félix Kir aliyekuwa meya wa Dijon kuanzia 1945 hadi 1968.

Lakini ukiwa na asubuhi moja tu, nenda Les Halles, soko la chuma na vioo la karne ya 19. Siku zake ni Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Wahi mapema, na umuulize kila muuzaji alikotoa bidhaa yake. Aliyelima mwenyewe atakutajia hadi kijiji.