Will Smith bin Nani?

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye mweka hazina wa timu yetu ya besiboli, timu isiyo na uwanja wala rungu wala glovu, na ambayo wachezaji wake wote wako Marekani bila kujua kwamba wanamilikiwa na watu watatu wa Ngamiani, Tanga. Mmiliki wa pili ni mimi. Wa tatu ni Babu muuza kahawa, ambaye alitoa mchango wake kwa sharti kwamba asilazimishwe kuutazama mchezo wenyewe, sharti ambalo alilivunja yeye mwenyewe kabla ya wiki kuisha.

Waliozoea fantasi ya ligi ya Uingereza, ule mchezo wa kupanga kikosi simuni na kuvuna pointi kwa kazi ya wachezaji wa kweli, watatuelewa upesi. Tofauti ni kwamba katika mchezo wetu humwokoti mchezaji kutoka kwenye orodha ambayo kila mtu anaweza kuitumia, bali unainunua kadi yake ya kidijitali, iliyotolewa kwa idadi maalumu na kupewa namba yake, na umiliki wake huandikwa kwenye blokicheni, yaani daftari la kompyuta ambalo halifutiki, hivyo kwamba siku ukiiuza kadi hiyo kwa mtu wa Brazili jina lako hubaki katika kumbukumbu na la kwake huandikwa kuwa la mmiliki mpya. Kadi yenye nakala chache huwa ghali, yenye nakala nyingi huwa nafuu. Kila duru unapanga kikosi cha kadi chache, warushaji katika nafasi zao na wapigaji katika zao, kisha unasubiri wanadamu wenye sura hizo wacheze mechi za kweli: mpigaji akiupeleka mpira nje ya uwanja unavuna pointi, akikosa mara tatu akatolewa unakatwa. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani timu moja hucheza mechi 162 kwa msimu wa kawaida, kwa hiyo karibu kila usiku kuna shughuli. Nasema usiku kwa sababu mechi inayoanza saa moja jioni New York huanza saa nane za usiku kwetu, na ya Los Angeles huanza watu wakijiandaa kwenda msikitini.

Katikati ya msimu wa 2023 tulipungukiwa na mpigaji. Nilipendekeza tumtafute Will Smith, mdakaji wa Los Angeles Dodgers. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya mrushaji wake mechi nzima, kazi inayomaliza magoti, ndiyo maana mdakaji ambaye pia anajua kupiga hutafutwa sana na kadi yake haishikiki kwa bei. Shemeji alikabidhiwa fedha, akaingia mnadani usiku akiwa na simu yenye kioo kilichopasuka na umeme umekatika mtaa mzima. Asubuhi alikuja barazani na uso wa mtu aliyeuziwa kiwanja cha Raskazone kwa bei ya kuku.

“Shemeji,” aliniambia kabla hata ya kumwamkia Babu, “nimempata kwa bei ya kutupa!”

Bei hiyo peke yake ingetosha kutushtua, lakini kahawa ilikwisha miminwa na kashata zimegawanywa, tukasherehekea kwanza. Baadaye nilipojaribu kuiweka kadi katika nafasi ya mpigaji, iligoma. Niliisukuma tena, ikarudi ilikotoka. Shemeji alilaumu mtandao, akasimama juu ya benchi kutafuta mawimbi, akanishauri nizime simu na kuiwasha. Babu ndiye aliyeomba kuiona picha, akaisogeza mbali na macho yake, akauliza kama huyo ndiye Will Smith wa sinema.

“Hapana, Babu. Huyu ni mwingine.”

“Mwingine bin nani?”

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mtaani kwetu huwezi kumtuma mtoto kwa Ali bila kumwambia ni Ali Pweza, Ali Fundi Saa au Ali wa Bi Mwanahawa, lakini mtu mzima mwenye mke na watoto alikwenda mnadani na kumnunua Will Smith pasipo kuuliza lolote zaidi. Kumbe ligi hiyo kuu ilikuwa na Will Smith wawili. Wa kwanza ni mdakaji tuliyemtaka. Wa pili, aliyekuwa sasa mali yetu halali, ni mrushaji wa mkono wa kushoto, ambaye msimu huo alikuwa Texas Rangers.

Shemeji hakukubali kwamba kuna tatizo lolote. Hoja yake ilikuwa kwamba tulitaka Will Smith na tumepata Will Smith. Alipoona hoja hiyo haisimami, aliingia intaneti kutafuta sifa za mtu wake, akarudi na habari kwamba Will Smith wawili hao walikwisha kukutana uso kwa uso tarehe 16 Oktoba 2020, katika mechi ya tano ya fainali ya Ligi ya Taifa, ambayo ni nusu mojawapo ya ligi kuu ya Marekani, mmoja akirusha kwa niaba ya Atlanta Braves na mwingine akipiga kwa niaba ya Dodgers. Babu aliacha kupanga vikombe.

“Nani alimshinda mwenzake?”

Shemeji alisoma mstari uliofuata kimoyomoyo, akaiweka simu mfukoni. Nilimsomea Babu mimi: mpigaji aliupeleka mpira nje ya uwanja wakati wenzake wawili wako kwenye vituo, mizunguko mitatu, ambayo ndiyo mabao ya besiboli, kwa mpigo mmoja, na Dodgers wakashinda 7 kwa 3.

“Kwa hiyo sisi,” alisema Babu polepole, “tunaye aliyepigwa.”

Hatukuwa na fedha ya kumnunua mwingine, kwa hiyo tulimweka huyo katika nafasi ya mrushaji wa akiba na kuanza kujifunza kazi yake, ambayo naiona kuwa ndiyo ya ajabu kuliko zote katika mchezo huu. Mtu huyo hukaa pembeni awamu nane nzima, kisha huitwa katika awamu ya tisa, ya mwisho, kuulinda ushindi. Akiulinda anaandikiwa uokoaji, na uokoaji ndio wenye pointi nono. Lakini akiingia kuanza awamu hiyo wakati timu yake inaongoza kwa zaidi ya mizunguko mitatu, hahesabiwi uokoaji, na kocha mwenye akili humwacha apumzike. Matokeo yake ni kwamba watu wazima watatu walikuwa wakikesha barazani wakiomba Texas waongoze, ila wasiongoze sana.

Usiku mmoja mambo yalikaa sawa. Mechi ilianza saa tisa za usiku kwa saa zetu, na adhana ya alfajiri ilipoanza Texas walikuwa mbele kwa mizunguko miwili, awamu ya nane. Babu alivaa kofia yake, akatuusia tusiguse kitu, akaenda kuswali. Alipopinda kona tu, wapigaji wa Texas, ambao kwa hakika hakuna aliyewaomba msaada, walianza kupiga kila walichorushiwa. Shemeji aliikemea simu kwa sauti iliyomwamsha dada yangu, naye akatokea dirishani kuuliza tumefungwa ngapi.

“Hatujafungwa! Tunashinda!”

“Sasa unalia nini?”

Babu aliporudi alituuliza kama Will Smith wetu ameingia. Nilimjibu kwamba hakuingia, tumeshinda mno. Alikaa, akajimiminia kahawa ya kwanza ya siku ile yeye mwenyewe, wateja wakisubiri.

Vuli hiyo Texas walitwaa ubingwa wa Marekani kwa kuwafunga Arizona Diamondbacks mechi nne kwa moja, na mrushaji wetu akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya ligi kuu ya Marekani kutwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo akiwa na timu tatu tofauti: Atlanta 2021, Houston 2022, Texas 2023. Mtu wa namna hiyo angefaa kutunzwa. Shemeji, hata hivyo, alikwisha kumuuza miezi kadhaa nyuma, kwa hasara, na asubuhi iliyofuata mauzo hayo alifika barazani akitangaza kwamba amemnasa mchezaji wa kituo cha pili wa Washington Nationals, kijana mwenye mkono mwepesi, tena kwa bei ya kutupa. Jina lake Luis García.

Babu alishusha birika. “Huyo naye wako wangapi?”

Nilitafuta palepale. Walikuwa watatu, na kadi tuliyonunua ilikuwa ya yule wa Houston, mrushaji, aliyepasuliwa kiwiko mwezi Mei na ambaye asingecheza tena hadi msimu uishe.