Marais Watatu, wa Kumlaumu Hakuna

Jamani, nyie Marekani yenu ina rais mmoja halafu mnalalamika? Njooni huku kwetu, Marekani ile nyingine, ambako hoja ya Edmund Randolph, gavana wa Virginia, ilishinda.

Mnayajua ya Philadelphia, Juni 1787, kwenye mkutano wa kuandika katiba ya Marekani. Mjumbe mmoja, James Wilson, akapendekeza mamlaka ya utendaji apewe mtu mmoja. Ukumbi kimya, watu wanatazamana, maana George Washington mwenyewe, ambaye wengi walimtarajia kuwa rais, alikuwemo humo ndani, na nani ana ubavu wa kukisema kiti vibaya huku mwenye kiti anasikia? Mpaka mzee Benjamin Franklin, mjumbe mwenzao, akawaomba watoe ya moyoni. Randolph akasema rais mmoja ni mimba ya ufalme. Wawekwe watatu, kila mmoja atoke pande yake ya nchi. Kwenu kura ilipigwa tarehe 4, majimbo saba kwa matatu, mkachukua mmoja. Kwetu kura ilikwenda kombo, na anayekoma ni mimi.

Kaskazini wana rais, Kati wana rais, Kusini wana rais. Nenda posta kanunue stempu, uione ile picha ukutani. Watatu wamebanana kwenye fremu ya mtu mmoja. Wa Kaskazini anatazama dirishani, wa Kusini anatazama mlangoni, wa Kati mabega yote mawili yamefunikwa, kimebaki kichwa tu. Nasikia walipigia kura nani akae katikati, ikawa mbili kwa moja, na aliyeshindwa ndiye huyo anayetazama mlangoni. Noti ya dola ndiyo usiseme: Washington wetu kasukumwa pembeni na wenzake wawili, sikio moja limeishia nje ya noti.

Jirani yangu, mtu wa kusoma sana, husema baraza halina kosa, kosa ni letu. Ananitajia Uswisi: wajumbe saba tangu 1848, urais kwa zamu ya mwaka mmoja mmoja, na nchi inakwenda. Sawa, lakini wale wakishaamua husimama pamoja nyuma ya uamuzi, hata aliyeupinga. Mimi namtajia Uruguay, watu tisa kuanzia 1952, sita wa chama kilichoshinda na watatu wa kilichofuatia, na kufika 1967 wenyewe wamechoka, wakarudi kwa rais mmoja. Namwongezea Wafaransa wa 1795 na wakurugenzi wao watano, waliokuja kufagiliwa na Napoleon 1799. Hapo jirani hukumbuka ana nguo za kuanua.

Hayo yote ningeyavumilia. Kinachoniuma ni kwamba huku mtu hana wa kumlaumu! Nyie mkikasirika mna jina moja, mnalitamka kwa nguvu, roho inatulia. Mimi barua yangu ikichelewa namsema nani? Nikianza na wa Kaskazini, wifi yangu wa Boston ananuna wiki nzima. Nikimgeukia wa Kusini, fundi bomba wangu, mzaliwa wa Georgia, anakusanya spana zake na kuondoka, maji yanachuruzika jikoni. Wa Kati hakuna anayejua hasa anafanya kazi gani, kwa hiyo kumsema hakunogi. Nimewahi kujaribu kuwalaumu wote kwa pamoja. Pumzi inakata kabla sijamaliza majina.

Tena wajanja. Kila jambo chungu hupita kwa kura mbili kwa moja, mlango umefungwa, hakuna anayetoka na karatasi. Kesho yake kila mmoja yuko kwa watu wake, mkono kifuani, anaapa kwamba yule mmoja aliyekataa ni yeye. Wa Kaskazini alikataa. Wa Kusini alikataa. Wa Kati, ambaye siku zote hana la kusema, siku hiyo sauti anayo, naye alikataa.

Nyongeza ya kodi ya mapato ya mwaka huu wameipinga wote watatu. Kwa hesabu hiyo haikupita kabisa. Aprili 15 nimeilipa.