Bip Moja Nimefika, Bip Mbili Unga Umeisha

Hivi jamani, nani alipita kwenye ukoo wetu akatangaza kwamba mimi nina hela? Mimi fundi seremala wa Keko, nakula vumbi la mbao kutwa nzima. Lakini simu yangu ukiishika siku nzima utadhani ya waziri. Tri! Imekata. Tri! Imekata. Wananibipu.

Mzungu mwenye kitenzi chake, kubipu ni mlio tu. Lori likirudi nyuma linabipu, mashine ya hospitali inabipu, mita ya luku ikiona uniti zinaelekea ukingoni inabipu. Hakuna anayedaiwa kitu hapo, labda huyo mwenye luku. Sisi tukakipokea kitenzi, tukakivika kiwakilishi cha mtu: kanibipu, nimembipu, wanabipiana. Tangu hapo si mlio tena, ni amri. Maana yake: nina shida na wewe, gharama zako.

Na ina sheria zake, msidhani ni vurugu. Mtafiti mmoja, Jonathan Donner, alikaa na watu wa Rwanda akawasikiliza, mwaka 2007 akachapisha makala nzima juu ya kanuni za kubipu. Mwenye nacho ndiye anayepiga. Kijana anayetongoza habipu, atajidhalilisha. Mtu kasoma mpaka huko ili aandike mambo ya shangazi yangu!

Maana shangazi ndiye profesa wa kitengo hicho. Alfajiri, hata muadhini hajakohoa, tri! Nampigia. Shikamoo shangazi. Marahaba, hujambo, watoto, mama watoto, mafundi wenzako. Kisha mahindi yamepigwa na jua, mbuzi wa jirani kala mchicha, msiba wa kule bondeni ulikwendaje. "Hebu msalimie na mama mkwe wa kaka yako, yupo hapa." Simu inazungushwa kijiji kizima, dakika ni zangu. Hatujafika kwenye shida yenyewe, salio linakata. Natulia. Tri! Shangazi huyo, ndiyo kwanza anataka kuanza kusema.

Lakini shangazi ni damu yangu. Wa kunitia presha ni mteja. Kachukua kitanda cha mninga, tano kwa sita, mbao nimempigia msasa mpaka anaweza kunyolea ndevu zake kwa kujiangalia mle. Kalipa nusu, nusu nyingine mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi umefika, tri! Moyo ukaniruka, nikaacha randa hewani, nikapiga haraka. "Fundi, nilitaka kukwambia bado haijakaa vizuri." Yaani nimelipia simu ili niambiwe silipwi! Tena anaongea polepole, kama anayesoma risala.

Nyumbani nako tuna mfumo wetu. Bip moja nimefika salama, bip mbili unga umeisha. Mifumo hiyo kila nyumba inayo, na inafanya kazi hadi siku zikiingia bip tatu. Tatu hatujawahi kukubaliana ni nini! Nikapiga kijasho kikinitoka. Mtoto alikuwa anachezea simu.

Halafu kuna walioneemeka na haya mambo. Afrika Kusini, kijana anaitwa Nkosana Makate, mwajiriwa wa kampuni ya simu, mwaka 2000 alikuwa na mchumba anayesoma mbali asiye na salio. Akabuni namna ya mtu kutuma ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe. Kampuni ikaufanyia biashara, kesi ikarindima miaka, mpaka 2016 Mahakama ya Katiba ikaamua afidiwe. Safi sana, haki yake. Sasa mimi ninayepigiwa hizo bip, niende mahakama gani?

Nilidhani bando zitatuokoa. Enzi za vocha za kukwangua nilielewa, dakika ilikuwa inauma. Siku hizi mtu ana dakika zinazooza usiku wa manane bila kutumika, bado anabipu. Mpwa wangu yeye ananibipu kwa WhatsApp! Bando kalipia, yuko hewani, anaangalia mpira humohumo. Namuuliza, wewe unaokoa nini? "Mjomba, naogopa kukusumbua, wewe ni mtu mzima." Heshima ya siku hizi hiyo.

Wiki iliyopita nikasema basi, bip ijibiwe kwa bip. Shangazi alfajiri, tri! Nami, tri! Kimya. Nikajigeuza ukutani nikalala vizuri kabisa. Jioni kaka akanipigia kutoka kijijini, kwa hela yake, mpaka nikaogopa kuna msiba. "Shangazi anasema simu yako ina hitilafu, inakata kabla hajapokea. Ukaitengeneze, halafu umpigie."