Betri ya volti 12 ilivyonivua msuli

Najua jamaa yangu keshawatumia voisi kwenye grupu kwamba nimepigwa shoti na betri nikavua nguo. Muongo. Volti 12 haipigi mtu shoti bwana, tuheshimiane. Nguo ndo nilivua, hilo sikatai, ila kulikuwa na sababu za kiufundi.

Si mnakijua kibanda umiza changu cha Mbagala, umeme ukikatika tunahamia kwenye betri. Sasa ule waya mwembamba wa taa za nje ulikuwa na fyuzi ya ampea 10, ikawa inaungua ungua, fundi mmoja (simtaji, ana watoto) akaitoa akaunga waya moja kwa moja, kala buku mbili yangu, "bosi haikusumbui tena hii". Fyuzi kazi yake si ndo kuungua ili waya upone, yeye kamfukuza mlinzi kisa anapiga filimbi usiku.

Jana Simba na Yanga, giza mtaa mzima, kibanda kimejaa mpaka mlangoni. Kumbe mguu wa benchi la chuma umeukalia ule waya. Mpira ukagonga mwamba, watu wote juu, wakarudi kukaa kwa mpigo, plastiki ikakatika, chanya na hasi zikakumbatiana. TV zii.

Halafu ule waya ukaanza kuonekana gizani. Mwekundu. Toka kwenye betri mpaka chini ya benchi, plastiki inadondoka matone yanawaka, na kuna mmoja nyuma kabisa hajui kinachoendelea anapiga kelele "gooooli!"

Nikarukia betri. Ile ya ampea saa 100 ikipata shoti inamwaga mamia ya ampea, haina cha luku kuisha. Nikashika klipu ya chanya, mama yangu, imechemka! Nikatafuta kitambaa, hakuna. Nikaangalia chini nikaona msuli wangu. Nikawaza, nawaapia niliwaza kabisa, giza hili nani ataniona. Nikauvua, nikauzungushia mkononi, nikainama, nikavuta. Klipu ikatoka na cheche.

Hapo hapo wateja wote wakawasha tochi za simu.

Nimeinama. Nimewapa mgongo. Na bukta yenyewe ile... mnaoniandikia "bosi tukuchangie" nimewaona, nawabloku mmoja mmoja.

Moto tukauzima na mchanga, hakuna aliyeumia, asubuhi nikaenda Kariakoo kununua fyuzi, sasa hivi inakaa palepale jirani na chanya ya betri. Mama mwenye nyumba nimemwamkia, kaitikia marahaba anaangalia ukuta. Wanaodai jero zao waje jioni. Na aliyekimbia na kandambili zangu za bluu azirudishe, namjua.