Tumewafundisha vya kutosha, sasa tuwalipe

Nimekuwa nikiwahudumia wajasiriamali wadogo mkoani Tanga tangu miaka ya 1990. Nikiulizwa leo ni kitu gani kinachoua biashara zao kuliko vyote, sitaji mtaji wala elimu. Nataja malipo yanayochelewa. Mtu katengeneza bidhaa, kaipeleka, imepokelewa, mara nyingi imeshauzwa na kuliwa, lakini fedha yake hajaiona. Tumeandaa semina za kila namna miaka yote hii, na jambo hili tunalipita pembeni.

Wakati naanza kazi, Tanga ilikuwa inatoka kwenye enzi ya viwanda. Mbolea, chuma, mashamba ya mkonge, kote watu walikuwa wanapunguzwa kazini, na fundi aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi akajikuta anafungua karakana uani kwake. Tuliwafundisha kuweka hesabu, kukadiria gharama, kufungasha. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lilikuwepo kwa mafunzo na teknolojia. Baadaye tukawashika mkono kwenye usajili wa biashara BRELA, namba ya mlipakodi (TIN) ya TRA na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Kazi hiyo ilikuwa na maana na bado inayo. Achari iliyokuwa ikiuzwa kwenye chupa za kuokoteza leo ina lebo, tarehe ya mwisho wa matumizi na msimbomilia (barcode).

Ila bidhaa ikishakuwa nzuri hivyo, inakwenda wapi? Inakwenda dukani kwa mali kauli: unaacha mzigo kwa kuaminiana, unalipwa ukishauzwa.

Yupo mama mmoja wa Ngamiani ninayemfahamu kwa miaka mingi, anatengeneza achari ya maembe. Daftari lake la madeni ni la kurasa kubwa, limefungwa kwa mpira. Ukurasa wa kushoto anaandika wanaomdai, wa kulia anaowadai. Kushoto kuna mistari michache. Kulia kumejaa mpaka pembezoni: jina la duka, tarehe ya kupeleka mzigo, idadi ya chupa, halafu vijistari vya kalamu nyekundu, kila kimoja ni safari aliyokwenda kudai. Siku niliyomsindikiza, kijana wa kaunta alimwamkia vizuri tu, kisha akamwambia, "Mama, bosi katoka, pita Ijumaa." Akamjibu kwa upole, "Mwanangu, Ijumaa iliyopita uliniambia bosi yuko Dar. Na chupa zangu naona zimeshakwisha." Kijana akainama, hana la kusema. Fedha si zake.

Maembe yana msimu. Yanapofurika kutoka Muheza bei inaanguka, na hapo ndipo mtengeneza achari anatakiwa awe na fedha taslimu mkononi: anunue kwa wingi, akate, atie chumvi, aanike, aweke akiba ya kumfikisha msimu ujao. Chupa na mifuniko anaagiza Dar es Salaam, na huko hakuna mali kauli kwa mteja mdogo. Pilipili, mafuta na siki ni taslimu. Fedha yake imelala kwenye droo za watu wengine, na ikija kutoka maembe yamepanda bei au yamekwisha.

Tufanye hesabu ya mfano. Katoni ya chupa 24 imemgharimu shilingi 60,000 kuitengeneza, anampa mwenye duka kwa 84,000. Faida yake ni 24,000. Analipwa baada ya miezi mitatu. Ili asisimamishe kazi, anakwenda kukopa zile 60,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, yaani 12,000 kila mwezi. Miezi miwili faida yote imekwisha. Mwezi wa tatu anakula mtaji. Hapo hajakosea hesabu, hajafuja fedha, na bidhaa yake imenunuliwa yote. Tunapowalaumu akina mama kwa kuingia kwenye mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa kama hiyo, tungeuliza kwanza ni nani aliyewasukuma huko. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, ni jambo jema, lakini leseni haimrudishii mtu 84,000 zake.

Wenye maduka nao nimekaa nao. Wanasema biashara ngumu, mzigo hautoki. Mzigo usipotoka ni haki yao kutolipa, ndiyo makubaliano ya mali kauli yalivyo. Ninachozungumzia ni mzigo uliokwisha kutoka. Fedha ya achari iliyouzwa imenunua sukari na mchele, kwa sababu muuza jumla wa sukari hasubiri. Kwa maneno mengine, mama wa Ngamiani ndiye anayeliendesha duka kwa mtaji wake, bila riba na bila karatasi.

La kuniuma zaidi ni taasisi za umma. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha vikundi bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu wa ununuzi wa umma nao unatenga nafasi kwa vikundi hivyo hivyo. Nayapenda yote mawili. Lakini nimeona kikundi cha vijana mafundi kikichukua mkopo wa asilimia 10, kikapata kazi ya kuchomelea madawati kwa taasisi ya umma, kikakabidhi madawati, watoto wakayakalia, na malipo yakachelewa hadi tarehe za marejesho zikapita. Afisa mmoja anawafuata wamechelewa kurejesha, na ofisi nyingine ya serikali ile ile ndiyo iliyoshika fedha zao. Kikundi kile kilivunjika, na mashine ya kuchomelea ikauzwa.

Tanga hii hii ina mfano wa kinyume chake, nao ni maziwa. Watu husifu ng'ombe bora, utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na msaada wa Uholanzi katika miaka ya 1980 na 1990. Ni kweli vyote vilisaidia. Mimi natazama zaidi kituo cha kukusanyia maziwa: lita zinapimwa, zinaandikwa mbele ya mfugaji, na anajua malipo hutoka lini. Mtu anayejua tarehe yake ya malipo anakopesheka. Muuza pumba anamwamini, mwenye duka la dawa za mifugo anamwamini, ada ya shule inapangika.

Kwa hiyo siku hizi mjasiriamali akija kwangu, swali langu la kwanza ni nani wanaomdai, na yeye anawadai akina nani. Namhimiza asiache mzigo bila hati ya kupokelea yenye sahihi na tarehe ya kulipana, na kwamba duka linalozungusha mwaka mzima aliache hata kama lipo barabara kuu. Kwa halmashauri nina ombi moja: marejesho ya kikundi yasianze kuhesabiwa wakati taasisi ya umma bado inadaiwa na kikundi hicho. Na benki zikubali ankara iliyothibitishwa na taasisi hiyo iwe dhamana, badala ya kuuliza hati ya nyumba kwa kijana anayepanga chumba Makorora.

Wenye maduka mnaonisoma, mna simu na mna namba za hao akina mama. Chupa kumi zikiuzwa wiki hii, mtumieni fedha ya chupa kumi Jumamosi jioni, zilizobaki zisubiri zitoke.