Mbio za mashua kwenye runinga: kasi siyo dawa

Mbio za mashua za matanga zina kasoro moja ambayo mpira hauna: mtazamaji hajui nani anaongoza. Mashua mbili zimeachana mita mia tano, moja imeelekea kulia, nyingine kushoto, zote zinakwenda mshazari, na ile unayoiona nyuma huenda ndiyo iliyo mbele. Anayeamua ni upepo, na upepo haupigwi picha. Wenye mchezo wametafuta dawa ya jambo hili kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu waliipata, tena dawa ya kweli, kisha wakaanza kuiharibu kwa kukimbilia kasi.

Kwamba kasi siyo kiini cha mchezo huu tulishaoneshwa tarehe 26 Septemba 1983, huko Newport, Rhode Island. Kombe la America, shindano kuu la mchezo huu, lilianzia kwenye mbio za kuzunguka kisiwa cha Wight mwaka 1851, na kwa miaka 132 halikuwahi kuwatoka Wamarekani. Siku hiyo matokeo yalikuwa 3-3, imebaki mbio ya mwisho. Mashua zenyewe zilikuwa nzito, zina mikuku (ile mihimili ya chini ya mashua) ya madini ya risasi, na zilipokwenda dhidi ya upepo hazikumzidi sana mwendesha baiskeli. Lakini Waaustralia walikesha mbele ya runinga zao hadi kukapambazuka, na Waziri Mkuu Bob Hawke akatangaza hadharani kwamba bosi atakayemfukuza mtu kwa kukosa kazi siku hiyo ni mtu wa hovyo.

Walikesha kutazama nini? Liberty ya Mmarekani Dennis Conner ilikuwa imetangulia. Kwenye kipande cha upepo wa nyuma, Australia II ya John Bertrand ikaipita. Kikabaki kipande kimoja, cha kupanda upepo. Conner akabisha, yaani akageuza mashua ili upepo uipige upande wa pili, apate kutoroka; Bertrand naye akabisha amfunike asipate upepo safi. Conner akabisha tena. Wakaendelea hivyo karibu mara 50, wanaume wakizungusha mikono ya winchi za kuvutia kamba za matanga hadi pumzi zinawaishia. Kila mara Conner alipogeuza, mtazamaji alijiuliza: je, mwenzake atamfuata? Akikosea mara moja tu, kombe limekwenda. Tofauti mwishoni ilikuwa sekunde 41.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mchezo huu unachosha kwa sababu ni wa polepole. Kriketi ni ya polepole na ina watazamaji wasiohesabika. Kinachochosha ni kutoelewa.

Kutoelewa huko kulitibiwa kwa hatua. Mwaka 1992 kampuni moja ya Dunedin, New Zealand, ilianza kuchora mashua za kompyuta zilizoonesha nani yuko wapi. Kisha, kuelekea mashindano ya kombe hilo ya San Francisco ya 2013, akaja Stan Honey, baharia na mhandisi, mmoja wa walioleta ule mstari wa njano uwanjani katika mpira wa Kimarekani. Yeye alichora moja kwa moja juu ya picha ya helikopta. Mistari ikakata bahari kwa kuukingama upepo, kwa hiyo ukiona nani amevuka mstari wa mbele, ndiye anayeongoza, basi. Mipaka ya uwanja ikaonekana juu ya maji, na bendera ya kila timu ikaifuata mashua yake. Mahali ilipo mashua palipimwa kwa usahihi wa sentimita mbili hivi, na picha ilipigwa na helikopta inayoyumba. Mtu asiyewahi kushika usukani akaweza kukaa kwenye kochi akapiga kelele, “Geuza sasa! Geuza!” Huo ndio mchezo wa runinga.

Mwaka huohuo Oracle ya Marekani ilikuwa nyuma 8-1 dhidi ya New Zealand na ikashinda 9-8. Mtu ataniambia boti zile za mwaka 2013 zilikuwa tayari zinaruka juu ya maji, kwa hiyo kasi haikuharibu kitu. Ni kweli, haikuharibu, kwa sababu bado zilikaribiana na kupishana, na uamuzi wa nahodha bado ulionekana. Kilichoharibu siku moja kilikuwa saa. New Zealand, ikihitaji ushindi mmoja tu, ilikuwa mbele upepo ulipolegea, dakika 40 za kikomo zikaisha, mbio ikafutwa. Kanuni ya namna hiyo inaifaa ratiba ya vipindi kuliko inavyoifaa bahari.

Nenda sasa Auckland, kwenye kombe la 2021. Boti zina mabawa chini ya maji, zinapaa, na mara nyingi aliyetangulia mwanzoni ndiye aliyemaliza mbele. Zinapendeza ajabu kwa dakika tatu. Baada ya hapo unatazama vitu viwili vikipita kwa kasi, mbalimbali, na mistari ya Honey haina cha kukuambia zaidi ya pengo kuongezeka. Mbio iliyonikalisha kwenye ncha ya kiti ilikuwa ya nane, na ilinikalisha kwa sababu boti ziliacha kupaa. New Zealand iliingia kwenye upepo uliochafuliwa na Luna Rossa ya Italia, ikadondoka majini kama mzigo, na Waitalia wakaenda zao hadi ikaonekana kwamba yamekwisha. Kisha upepo ukawasaliti na wao, wakageuza, wakadondoka. Boti za mamilioni ya dola zikawa zinatambaa kutafuta pumzi ya upepo ya kuziinua tena. New Zealand ikaipata kwanza, ikashinda. Vidole vilinitetemeka, na kwa sehemu kubwa ya mbio hiyo walau boti moja ilikuwa haiendi popote.

Jambo jingine ni watu. Barcelona 2024 nguvu ya boti ilitoka kwa wanaume waliopiga pedali wakiwa wamezama ndani ya boti, vichwa chini. Unaona kofia ngumu, mbili hapa, mbili pale. Yule wa 1983 anayehema juu ya winchi umemkosa.

SailGP, ligi ya boti za kupaa iliyoanza 2019 na inayofika hadi Dubai na Abu Dhabi, imejitahidi: boti zinafanana, mbio moja haizidi sana robo saa, na boti nyingi zinabanana kwenye uwanja mdogo. Naitazama. Lakini ukiniuliza nani alishinda juzi, na kwa nini, nitababaika.

Lamu, mashua zinaposhindana wakati wa tamasha la utamaduni, watu hujaa ukingo wa bahari, na nusu ya mbio huwa hawaioni vizuri. (Mbio za punda zina bahati, zinapita puani pako.) Wanaona tanga kwa mbali na wanaume wamejipanga kwenye ubao uliotoka nje upande wa upepo, wakiizuia mashua isilale. Lakini upepo uleule unawapiga usoni, na kando yako hakosekani mzee wa kukwambia, “Yule amekwisha, maji yanamrudisha.” Dakika tano baadaye unakuta kweli amekwisha. Runinga haina upepo, kwa hiyo inamhitaji mzee huyo zaidi. Watangazaji wengi wa sasa wanakusomea kasi iliyoandikwa kwenye kioo tayari.

Vendée Globe, mbio ya mtu mmoja kuzunguka dunia bila kusimama bandarini, haina hata picha za moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya safari. Watu wanafuata nukta kwenye ramani kwa miezi, na mwaka 2020 zaidi ya milioni moja walishindana kwenye mchezo wake wa kompyuta. Usiku ule katika mbio hizo Jean Le Cam alipomsaka mshindani mwenzake Kevin Escoffier, ambaye mashua yake ilikuwa imekatika, hakukuwa na kamera ya kumulika kasi ya mtu. Nukta zilitosha, kwa sababu kila mtu alijua nini kinatafutwa.

Kombe la America linakwenda Napoli mwaka 2027, kwa boti zilezile za kupaa. Natamani waandaaji waiache kamera ya juu itulie walau dakika nzima kabla ya kurukia povu na kofia. Wasipofanya hivyo, nitapunguza sauti, niitazame ramani, na wale watangazaji wajisomee spidi zao.