Kompyuta ikisoma picha ya kifua

Machi 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubali programu za kompyuta zisome eksirei ya kifua badala ya daktari, katika kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Wanaozitetea wana hoja nzito. Mashine ya eksirei inaweza kuwepo wilayani ilhali bingwa wa mionzi yuko mkoani. Picha inasubiri, mgonjwa anakohoa nyumbani na wanawe. Programu hutoa alama papo hapo, yaani namba inayoonyesha uwezekano wa kifua kikuu, na picha ya mia huisoma kwa umakini uleule wa ile ya kwanza.

Hofu yangu ni hiyo alama. Mchukue mchimbaji wa tanzanite wa Mirerani, ambaye sehemu za juu za mapafu yake zimejaa vidoa vyeupe. Huenda ni kifua kikuu. Huenda ni silikosisi, makovu ya vumbi la mwamba. Huenda ni vyote viwili, maana vumbi hilo huyafungulia mlango maambukizi. Hata kovu la kifua kikuu kilichopona zamani hupandisha alama. Kinyume chake, anayeishi na VVU na kinga imeshuka sana anaweza kuugua kifua kikuu na picha yake ikatoka safi.

Kuna pia yasiyo kifua kikuu. Pembe ya chini ya pafu, pale mbavu zinapokutana na diaframu (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), hutakiwa kuchongoka. Ikiwa butu na nyeupe, shuku maji. Weusi mtupu usio na michirizi ya mishipa, nje ya mstari mwembamba wa ukingo wa pafu, ni hewa iliyovuja, na huyo mgonjwa si wa kuwekwa foleni. Moyo ukizidi nusu ya upana wa kifua, uliza kwanza kama alipigwa picha amelala, kwa kuwa hapo moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Zipo programu zinazotambua baadhi ya haya, lakini tabibu aliyezoea kusoma namba tu atayapita.

Naziunga mkono programu hizi, kwa sharti. Alama ya juu impeleke mgonjwa kwenye kipimo cha makohozi, isimpeleke moja kwa moja kwenye dawa za miezi sita. Alama ya chini isimrudishe nyumbani anayekohoa damu. Na kiwango cha kumwita mtu mshukiwa kipangwe kwa kupima wagonjwa wa eneo husika: kinachofaa mjini kitawababaisha wachimbaji wengi wenye vumbi tu kifuani.